Keekee Imeshikwa na Nani?

Nilisoma HKL kidato cha tano na cha sita, nikamaliza nikiamini kwamba Kiswahili ni changu. Wiki ya kwanza karakanani kwa mjomba, Nachingwea, niliambiwa nilete ufunguo wa chaki. Nikasimama. Chaki niliyoijua mimi haikuwa na ufunguo. Mjomba akanionyesha kwa kidevu: kamba ilikuwa inaning'inia ubavuni mwa mashine, na mwisho wa kamba kulikuwa na kifunguo chenye meno ya kuzunguka kama gia ndogo. Kumbe chaki ni ule mdomo wa chuma unaong'ata keekee isizunguke. "Mwalimu wenu hakuwafundisha hii?" akauliza, na wateja wawili waliokuwa wakisubiri wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo.

Wasomaji wa hapa wamezoea niwaletee kitabu. Leo sina kitabu. Nataka kuandika juu ya kishikio, kile ambacho mafundi wenyewe wanakiita holda, kinachoshika keekee wakati wa kutoboa chuma. Najua linasikika kama jambo la watu wachache. Lakini kwa sababu ya kishikio kimoja nilichokichagua vibaya, kijana mmoja wa Ruangwa angeweza kupigwa na kipande cha chuma kichwani, na mimi na mjomba tusingezungumza tena kama tunavyozungumza sasa. Kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza lugha, maana siwezi kuiacha. Kamusi zetu zina neno zuri, kukereza, yaani kuchonga kitu huku kinazunguka, na mashine yake ni kerezo. Ni neno la pwani, la mafundi wa miguu ya vitanda. Mjomba halijui, au analijua na halitumii. Yeye anasema lethi, na kazi yake ni kuchonga, na mteja huja "kuchongesha". Keekee nayo yeye huiita biti. Mimi nitaendelea na keekee kwa sababu nalipenda neno hilo, linasikika kama kifaa chenyewe kikikosa mafuta.

Karakana ya mjomba iko kata ya Stesheni. Mgeni akifika Nachingwea huuliza treni iko wapi, na jibu ni kwamba haipo tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Reli ililetwa na Waingereza kwa ajili ya mpango wa karanga. Mwaka 1947 serikali yao ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika kwenye maeneo matatu, Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya karanga hizo. Yakaletwa matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita vilivyobaki. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, na miaka ya 1960 reli yenyewe iking'olewa. Likabaki jina la Stesheni. Na vikabaki vyuma, maana Nachingwea kila chuma kikuukuu, ukimuuliza mwenye nacho, atakwambia "hiki cha karanga". Mjomba anasema hata lethi yake ni ya karanga. Kibati chenye jina la kiwanda kilishang'oka, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Mimi nina shaka zangu, lakini sijawahi kuzitamka mbele yake.

Kwenye lethi hiyo ndiko nilikojifunza kutoboa. Ukitoboa kwa drili ya mkononi, keekee inazunguka na kitu kimetulia. Kwenye lethi ni kinyume. Kitu ndicho kinachozunguka, keekee imesimama kimya na kusukumwa mbele polepole. Ukitafakari utaona shida iko wapi. Kitu kinachozunguka kina moyo wake, mstari wa katikati usiozunguka, mwembamba kuliko unywele. Keekee lazima isimame juu ya mstari huo huo. Ikikaa pembeni hata kidogo, chuma hakitaihurumia. Kitaivuta huku na huku, na tundu litatoka pana kuliko keekee yenyewe, hasa mdomoni.

Mjomba alikuwa na vishikio viwili tu. Cha kwanza ni ile chaki ya ufunguo, kwa keekee ndogo. Aina hiyo ilibuniwa na Mmarekani Arthur Jacobs, akapata hataza yake mwaka 1902. Inasimuliwa kwamba alichoshwa na kuchubua vidole kwenye chaki za zamani. Cha pili ni mkia wenyewe wa keekee kubwa. Keekee kubwa hazina mkia wa duara ulionyooka. Zina mkia unaochongoka taratibu kama pembe ya mbuzi iliyonyooka, na unasukumwa ndani ya tundu la umbo hilo hilo mpaka ujibane wenyewe. Hakuna skrubu wala ufunguo. Mafundi huuita mosi, kwa jina la Stephen Morse, Mmarekani mwingine, mwenye hataza ya keekee ya msokoto ya mwaka 1863. Unasukuma kwa kiganja, unasikia "tap", basi. Kadiri chuma kinavyoisukuma nyuma ndivyo inavyozidi kujibana. Nilipenda sana jambo hilo. Nilikaa na mjomba miaka minne, na katika miaka hiyo sikumbuki hata siku moja tuliyojadili kishikio. Vyote viwili vinakaa kwenye kichwa cha nyuma cha mashine, na kichwa hicho mjomba alikuwa amekinyoosha mwenyewe kabla sijazaliwa. Kishikio kwangu kilikuwa kama sakafu ya nyumba.

Halafu nikaondoka.

Hapa ndipo pananiuma, nitapita haraka. Sisi ni Wamwera, na kwetu mjomba si ndugu wa mama tu. Cha mjomba huenda kwa mtoto wa dada. Mjomba alishasema mbele ya watu kwamba lethi ni yangu. Wakati huo Ruangwa ilikuwa inachangamka: habari za madini ya kinywe kila mahali, wachimbaji wadogo wa dhahabu upande wa Namungo, nyumba za wageni zinaota kama uyoga. Tajiri mmoja akanunua Dar lethi ya kompyuta iliyotumika, akaileta Ruangwa, akatafuta kijana. Nilikuwa nimesomea miezi kadhaa mashine za namna hiyo. Nikaenda. Na wateja wa mjomba wa upande wa Ruangwa, wale wa makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu, hawakuona tena sababu ya kula vumbi mpaka Nachingwea. Sikuwaita mimi. Lakini walikuwa wananijua mimi.

Mjomba hakusema neno. Alinipa mkono, akaniambia nisisahau kuvaa miwani.

Lethi ya kompyuta haina kichwa cha nyuma cha kutobolea kama ile ya Stesheni, au ikiwa nacho, hutoboi kwacho. Vifaa vyote vinakaa kwenye duara moja linaloitwa tareti. Ya kwetu ina nafasi 8. Programu ikiita namba 3, duara linajizungusha, kifaa cha namba 3 kinakuja mbele. Kila nafasi ya kutobolea ina nyumba yenye tundu la duara, la kwetu milimita 32, na ndani ya tundu hilo unaweka kishikio unachokitaka. Unachokitaka! Tajiri aliniuliza nataka nini, kwa sababu mashine ilikuja na nyumba tupu.

Kazi ya kwanza kubwa ilikuwa bushi 40 za karasha. Ndani ya karasha kuna nyundo za chuma zinazozunguka kwa kasi na kuponda mawe, na kila nyundo inaning'inia kwenye pini. Bushi ndiyo inayokaa kati ya nyundo na pini. Urefu milimita 90, tundu la 25. Chuma chenyewe EN8, kigumu kiasi, si cha kuchezea.

Nikapanda basi kwenda Dar, nikashinda siku nzima kwenye maduka ya vyuma ya Gerezani. Niwaeleze nilivyoona, maana siku ile nilijiona mjuzi.

Kulikuwa na vishikio vya koleti. Koleti ni kikombe cha chuma kilichopasuliwa pasuliwa, ukikaza nati kinaibana keekee pande zote kwa pamoja. Aina iliyoenea inaitwa ER, ya Waswisi, ya miaka ya 1970. Inashika vizuri sana na inashika katikati. Ubaya wake ni kwamba kila koleti ina ukubwa wake, inajibana milimita moja tu au pungufu ya hapo, kwa hiyo lazima ununue seti, na ile ya ER32 haivuki keekee ya mkia wa 20. Kulikuwa na chaki isiyo na ufunguo, ya kukaza kwa mkono, yenye mkia wa duara, inayoshika kuanzia milimita 1 mpaka 16. Kulikuwa na soketi za mosi, duara nje, ndani tundu la kuchongoka, za kushikia keekee kubwa za kawaida. Na kulikuwa na keekee za kisasa zenye vipande vya kukata vinavyobadilishwa, mkia wake wa duara umesagwa upande mmoja uwe bapa, unaingia moja kwa moja kwenye nyumba ya tareti na skrubu inakalia ule ubapa. Hiyo ndiyo keekee ya mashine ile. Inataka maji ya kupozea yapite ndani kwa ndani mpaka nchani, na inataka mashine iliyonyooka.

Bei ya keekee hiyo niliiuliza mara moja. Sikurudia.

Nikampigia tajiri. Akauliza swali ambalo kila mwenye karakana huuliza: ipi inafanya kazi zote? Nikamjibu, ile chaki, inashika kila kitu. Akasema basi hiyo, na ile ya bei nafuu ya keekee kubwa. Nikarudi Ruangwa na chaki moja na soketi moja ya mosi kwenye begi, nikiwa nimeokoa fedha za watu, nafurahi.

Chaki iliniangusha siku ya kwanza. Nilipanga kutoboa kwanza na keekee ya 16, kisha nifuate na ya 25. Chaki ile ina meno matatu tu, na mkia wa keekee ni duara laini. Chuma cha EN8 kilipoikamata ncha, keekee ikaanza kuzunguka ndani ya chaki. Mlio wake sitausahau. Mkia ukachubuka, meno ya chaki yakalika, nami nikafanya anavyofanya kila mtu mjinga, nikakaza zaidi kwa bomba. Tena urefu. Chaki, na mkia wake, na keekee yenyewe, ukivijumlisha vinatoka nje mno. Tareti ilipojizungusha kuleta kifaa kingine, ncha ilipita karibu na meno ya chaki kuu kiasi cha unene wa daftari. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikakaa chini sakafuni.

Nikaamua: achana na ya 16. Nitaanzisha kwa keekee fupi ya senta, kisha natoboa moja kwa moja kwa keekee ya 25 yenye mkia wa mosi, mizunguko 300 hivi kwa dakika, taratibu, nikiirudisha nyuma kila baada ya muda ili itoe maganda. Mosi naijua. Mosi haitelezi. Na kweli haikuteleza. Nikatoboa bushi 16 siku mbili, mnunuzi akaja kuzichukua akafunge wakati nyingine zinaendelea.

Nilizipima mdomoni kwa venia. Zilikuwa zimepanuka, 25 na nusu, zingine zaidi. Nikajiambia pini ya karasha si saa ya mkononi. Kabla ya hapo nilikuwa nimehangaika na namba za skrini, nikisogeza keekee nyuma na mbele, sehemu ya kumi ya milimita huku, sehemu ya kumi kule, tundu linapungua kidogo halafu linakataa. Nikaacha.

Siku ya tatu mnunuzi alirudi na mfuko wa salfeti. Hakugomba. Alizimwaga bushi mezani, akasema walifunga sita, wakawasha, karasha ikaanza kugonga kama mtu anayevunja mlango. Kijana anayelisha mawe alikuwa amesimama pale pale mbele ya mdomo wa mashine. Wakazima. Pini moja ilikuwa imeshaanza kupinda. "Ingekatika," akasema, akaishia hapo.

Tajiri alisema chuma kitakatwa kwenye mshahara wangu, na kikakatwa. Hilo nalielewa. Kisichonitoka ni yule kijana. Simjui jina.

Jumamosi nikachukua bushi tatu nikaenda Nachingwea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekonda." Kwetu anayemwita mjomba naye huitwa mjomba, sijui ninyi.

Hakuuliza habari za Ruangwa. Alimaliza kazi aliyokuwa nayo, puli ya mashine ya kukoboa, akafuta mikono, akazichukua bushi. Hakutafuta venia. Aliingiza kidole gumba mdomoni, akakizungusha, kisha akaitazama bushi akiielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Mdomo mpana kuliko tumbo," akasema. "Biti ilikuwa inatembea. Nani alikuwa ameishika?"

Nikamwambia mosi. Soketi mpya kabisa.

"Na soketi imeshikwa na nani?"

Nyumba ya tareti.

"Na hiyo nyumba?"

Tareti.

"Na tareti inaangalia wapi?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimetumia wiki nzima kuchagua kitu cha kushika keekee na sikuwa nimejiuliza hata mara moja kilichoshika kile kishikio kilikuwa kimesimama wapi. Mjomba akanionyesha kichwa cha nyuma cha lethi yake, akaniambia aliwahi kukaa nacho siku tatu akikinyoosha, kwa sababu yule aliyemtangulia alikuwa anakipiga nyundo. Miaka minne nilikuwa natoboa kwa siku zake tatu.

Jumatatu asubuhi alinikuta karakanani Ruangwa. Alikuja na Noah ya abiria, amevaa koti lake la kazi lililofuliwa na kupigwa pasi, na mkononi mfuko wenye saa ya kupimia, ile yenye sindano na sumaku. Tajiri alishangaa. Mjomba akamwamkia kwa heshima zote, "Habari za kazi, bosi," na moyo wangu ukashuka hadi kwenye viatu. Mtu huyu amechukua wateja wako, na mimi ndiye niliyewabeba.

Mjomba hakuwahi kugusa mashine ya kompyuta. Alisimama mbali na skrini kana kwamba ingemwagikia. Lakini alitaka kitu kimoja. Sumaku ya saa tuibandike kwenye chaki kuu, ile inayozunguka, na sindano iguse ndani ya tundu tupu la nyumba ya tareti. Kisha tuizungushe chaki kwa mkono, polepole, tuone sindano inasemaje. Tundu likiwa katikati ya moyo wa mashine, sindano haitembei. Nikafanya hivyo. Kushoto na kulia ilikuwa sawasawa, maana upande huo nilikuwa nimeurekebisha kwenye skrini. Juu na chini sindano ilitofautiana sehemu 36 za mia za milimita. Maana yake tundu lilikuwa limekaa chini ya moyo kwa nusu yake, 0.18. Mashine iliwahi kugongwa huko ilikotoka, na aliyeiuza hakusema.

Na hapo nikaelewa kwa nini namba zangu zilikuwa zinakataa. Lethi kama ya kwetu inasogeza kifaa njia mbili, mbele na nyuma, na kushoto na kulia. Kitanda chake ni bapa. Juu na chini haina. Ningekaa kwenye skrini mpaka Idi, ule upande uliokosewa usingerekebishika kwa namba. Ningeweza hata kununua ile keekee ya bei mbaya, na nadhani ingevunjika siku hiyo hiyo, kwa sababu kadiri keekee inavyokuwa ngumu ndivyo isivyovumilia kusimamishwa pembeni. Keekee yangu ya kawaida ilipinda kidogo, ikaelewana na makosa, ikatoa tundu baya. Tareti kunyooshwa ilihitaji fundi kutoka Dar, na fundi wa Dar alihitaji hela ambayo tajiri alikuwa ameshaikata kwangu.

"Una chuma cha pande nne?" mjomba akauliza.

Tulikuwa nacho, kipande cha chuma laini. Tukakichonga kikawa nyumba nyingine ya namba 3, ila bila tundu. Imara, imefungwa kwenye tareti kwa bolti nne. Kisha mjomba akasema maneno ambayo niliyarudia kichwani njia nzima siku zilizofuata: kisu kiweke kwenye chaki, nyumba ijichonge yenyewe.

Yaani tuigeuze mashine. Badala ya chaki kuu kushika kitu na tareti kushika kisu, tukaweka keekee kwenye chaki kuu, ikawa ndiyo inayozunguka, na tareti ikakisukuma kile kipande cha chuma kikatobolewe. Baada ya keekee tukaweka mti wa chuma wenye kisu kidogo pembeni, wa kupanulia tundu. Chaki yetu kuu ilikuwa imechoka, na nikasema jamani, itashika mti upande. Mjomba akacheka. Hata ukiwa upande, ncha ya kisu inapozunguka, duara lake haliwezi kuwa na katikati nyingine isipokuwa moyo wa mashine. Inabadilika ukubwa wa duara tu, na ukubwa tunaupima. Nilirudia hilo mara tatu ndipo likaingia. Tundu litakalotoka, penye makosa yoyote ya tareti, litakuwa pale pale panapotakiwa, kwa sababu limetobolewa na moyo wenyewe.

Ilichukua kutwa. Kila mkato ilibidi kisu kigongwe kidogo nje kwa mkono, sehemu ya kumi, halafu nusu yake, halafu pungufu, na mjomba ndiye aliyekigonga, kwa kipini cha bisibisi, akisikiliza. Umeme ulicheza mara mbili, tukakaa nje chini ya mwembe tukila mihogo ya kuchoma na kuzungumzia Namungo walivyocheza. Wateja wake wawili wa zamani walipita, wakamwona, wakasita. Aliwasalimu yeye kwanza. Sikujua nitazame wapi.

Tulipofika 32 soketi iliingia kwa kusukumwa na kiganja, na hewa ikatoka nyuma yake ikipumua. Nikaandika namba ya mahali tareti iliposimama, maana tundu hilo ni la kweli pale tu, kwenye nafasi ya 3, kwenye namba ile. Ukilihamishia nafasi ya 5 ni chuma tu. Tareti ikigongwa tena, ni chuma tu. Kishikio cha dukani kina sifa ya kwenda popote. Hiki chetu hakiendi. Tajiri baadaye aliniuliza kwa nini tusiuze vya namna hii. Nikamweleza, sidhani kama alinielewa.

Tukatoboa bushi moja. Mdomoni 25 na sehemu ya kumi, tumboni vile vile. Mjomba akaingiza kidole gumba, akakizungusha, akairudisha mezani bila kusema kitu. Nikatoboa zile nyingine usiku ule na kesho yake, na mnunuzi alipokuja kuchukua alizipitia moja moja kwa pini yake mwenyewe, na alikuwa na haki.

Jioni nilimsindikiza mjomba stendi. Nilikuwa nimeandaa maneno, kuhusu wateja, kuhusu lethi ya Stesheni, kuhusu kurudi au kutorudi. Nilianza vibaya, nikasema, "Mjomba, wale watu wa karasha..." Akanikata. Akauliza ile chaki iliyolika meno nimeiweka wapi. Nikasema ipo, haifai. Akasema kwa kutoboa mbao itafaa, ana mtu anatengeneza milango. Nikarudi mbio kuichukua, nikamletea ikiwa imefungwa kwenye gazeti, akaiweka kwenye mfuko pamoja na saa yake.

"Na ile biti ya ishirini na tano," akasema akiwa ameshapanda, "umeinoa mwenyewe?"

Nikakubali.

"Nimeona. Shavu moja refu. Hata ungeishika na mikono ya malaika ingetoboa pana." Gari likaanza kutembea. "Jumamosi uje nayo."

Jumamosi nilikwenda nayo.